Kwa nini dawa ya kupe ilimwangusha ndama na ng'ombe wakubwa wakabaki salama?

Swali:

"Shikamoo daktari. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja wa miezi miwili. Kupe walikuwa hawafi tena kwa dawa niliyoizoea, basi safari hii nikaongeza kipimo karibu mara mbili ya kilichoandikwa kwenye chupa, nikawanyunyizia wote jioni kwa bomba la mgongoni. Haikupita saa moja, ndama akaanza kutoa mate mengi, machozi yanamtiririka, anaharisha, na nyama za mapaja na mabega zinachezacheza. Mwishowe akalala chini akihema kwa shida. Ng'ombe wakubwa hawakupata kitu. Jirani alisema damu imechemka, tumnyweshe maziwa na mafuta ya kula. Afisa mifugo alipofika alimwogesha kwa maji na sabuni, akamchoma sindano ya atropini. Mate yakakauka upesi, lakini kutetemeka kuliendelea mpaka kesho yake mchana. Alisema dawa imeshika mishipa ya fahamu. Ndama amepona, ila mimi bado sijaelewa. Dawa iliyomwagwa juu ya ngozi inafikaje kwenye mishipa ya fahamu? Kwa nini kupe afe na ng'ombe asife, ina maana kupe ana kitu ambacho ng'ombe hana? Kwa nini sindano ilizuia mate ikashindwa kuzuia kutetemeka? Na nikihamia dawa ya pareto ambayo ni ya asili, au sindano ya aivamektini, nitakuwa nimeepukana na haya?"

Jibu:

Marahaba, na pole sana. Nafurahi kwamba mlimuita afisa mifugo jioni ileile badala ya kungoja kupambazuke, kwa sababu ndama anayehema namna hiyo mara nyingi hafiki asubuhi. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Jambo uliloliona kwa macho yako, yaani mate kukauka na kutetemeka kubaki, ndilo linaloeleza vizuri kuliko yote jinsi seli za neva zinavyopashana habari. Tukilifuata hilo, maswali yako mengine yatapata majibu njiani.

Kwanza damu. Damu ya ndama haikuchemka wala haikuharibika. Ilibeba sumu tu, ikaipeleka inakofanya kazi. Dawa za kupe zimetengenezwa ziyeyuke kwenye mafuta, kwa kuwa zisingeyeyuka zisingepenya gamba la kupe. Ngozi ya ng'ombe nayo ina mafuta, hivyo sehemu ya dawa hupenya, hasa ngozi ikiwa laini, yenye vidonda au iliyolowa kwa muda mrefu. Kiasi kingine ndama hujilamba mwenyewe. Kuhusu maziwa na mafuta ya kula, namheshimu jirani yako kwa kutaka kusaidia, lakini hapo angemuua. Mnyama ambaye misuli yake imelegea hamezi sawasawa, na unachomnywesha huingia kwenye mapafu. Tena mafuta huweza kuirahisishia sumu ya aina hii njia ya kuingia mwilini.

La pili ni kupe. Kupe ana ubongo. Ni donge dogo la seli za neva zilizoungana, na umio wake, ile njia inayopitisha damu anayofyonza, hupita katikati ya donge hilo. Kwa ubongo huo anatambua kwamba ng'ombe anakaribia. Kwenye miguu yake ya mbele kuna kiungo kinachohisi hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka puani mwa mnyama, harufu ya mwili na joto. Habari hizo zikikutana kwenye ubongo, kupe anainuka juu ya jani, ananyoosha miguu, anashika manyoya. Kwa hiyo hana kitu ambacho ng'ombe hana. Wote wawili wana neva zilizojengwa kwa mpango mmoja, na hatari yote unayoniuliza inatoka hapo. Dawa nyingi za kupe zinazouzwa madukani ni sumu za neva, nazo hazijui kama neva ni ya kupe, ya ndama, ya samaki mtoni au ya mtu aliyebeba bomba.

Sasa tuitazame neva yenyewe. Seli ya neva ina matawi mafupi mengi ya kupokea habari, na mkia mmoja wa kuipeleka. Katika ng'ombe, mkia unaotoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya mguu wa nyuma unaweza kufika mita moja hivi, ingawa unene wake haufikii unywele. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, na nje kuna sodiamu nyingi. Utando wa seli ndio unaozitenganisha. Kwenye utando huo kuna pampu za protini zinazofanya kazi usiku na mchana, zikitoa sodiamu tatu nje kwa kila potasiamu mbili zinazoingizwa. Kwa sababu hiyo ndani ya seli panabaki na chaji hasi ukilinganisha na nje, tofauti ya takriban milivolti 70. Kudumisha tofauti hiyo ni gharama kubwa. Kwa binadamu, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa amepumzika unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yake yote.

Seli ikichokozwa vya kutosha, milango midogo ya sodiamu kwenye utando hufunguka. Sodiamu inaingia kwa kasi na chaji inageuka mahali hapo kwa muda wa kama milisekunde moja. Kisha milango ya sodiamu inajifunga, ya potasiamu inafunguka, na hali inarudi kama kawaida. Ila mgeuko huo umekwisha kukichokoza kipande cha utando kilicho mbele yake, nacho kinafungua milango yake. Habari husafiri kama moto unavyotambaa kwenye nyasi kavu, kila unyasi ukiuwasha ulio jirani, na ndiyo maana haififii hata mkia ukiwa mrefu. Katika mikia minene iliyozungushiwa ala ya mafuta, kasi yake hufika mita 100 kwa sekunde au zaidi. Katika mikia myembamba isiyo na ala ni mita moja hivi kwa sekunde, na mara nyingine chini ya hapo.

Haya yalijulikana kwa msaada wa ngisi, huyuhuyu tunayemla pwani. Ngisi ana neva ambayo mkia wake una unene unaokaribia milimita moja, kiasi kwamba waya mwembamba unaweza kupenyezwa ndani yake. Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walifanya kazi hiyo huko Plymouth, wakachapisha maelezo yao pamoja na hesabu zake mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel. Nakutajia hili kwa sababu moja: kilichopimwa kwenye ngisi kilifaa kueleza neva ya ng'ombe na ya mtu. Mabadiliko yaliyohitajika yalikuwa ya vipimo tu. Sumu inayovuruga milango ya sodiamu ya mnyama mmoja, kwa kipimo fulani itavuruga ya mwingine.

Mkia ukifika mwisho haugusi seli inayofuata. Kuna mwanya, nao huitwa sinapsi. Ukiigawa milimita moja vipande milioni moja, upana wa mwanya huo ni kama vipande 20 hadi 50. Ni mdogo mno, lakini katika sinapsi nyingi chaji haiwezi kuuruka. Inachofanya chaji ni kufungua milango ya kalsiamu kwenye ncha ya mkia. Kalsiamu ikiingia, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hupasukia nje, kemikali huvuka mwanya na kukaa kwenye vipokezi vya seli ya pili. Kwa hiyo ndani ya seli moja habari ni ya umeme, lakini kati ya seli na seli ni ya kemikali, na takriban sumu zote za neva hutenda kazi yake katika moja ya sehemu hizo mbili.

Aliyeonyesha kwamba kemikali ndiyo inayobeba ujumbe ni Otto Loewi, mwaka 1921, huko Graz nchini Austria. Alichukua mioyo miwili ya vyura, yote ikiwa inadunda ndani ya maji ya chumvi. Alichokoza neva ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mapigo. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akaupa ule wa pili, ambao neva yake haikuguswa kabisa. Nao ukapunguza mapigo. Lazima kuna kitu kilichotoka kwenye neva kikabaki ndani ya maji. Kitu hicho baadaye kilithibitishwa kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Asetilikolini ndiyo kemikali iliyomtesa ndama wako. Neva hutumia kemikali hiyo kuamuru tezi za mate na machozi zitoe maji, utumbo usukume, moyo upunguze mwendo, na misuli ya miguu na ya kupumulia ijikaze. Lakini amri isiyokoma haina maana. Ili misuli ijikaze na kulegea mara nyingi kwa sekunde, asetilikolini lazima iondolewe kwenye mwanya mara tu inapomaliza kazi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, kimojawapo cha vimeng'enya vyenye kasi kubwa kuliko vyote vinavyojulikana. Molekuli moja tu ya kimeng'enya hicho huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kila sekunde.

Hukunitajia jina la dawa uliyotumia, lakini dalili ulizozieleza, pamoja na atropini kusaidia, zinaonyesha ilikuwa ya kundi la organofosfeti au la kabameti. Dawa za makundi hayo hukishika kimeng'enya hicho. Kabameti hukishika kwa muda kisha hukiachia. Organofosfeti hukishika kwa nguvu, na kadiri saa zinavyopita mshiko huo huimarika mpaka kimeng'enya hakifai tena. Asetilikolini inaendelea kumwagwa na hakuna wa kuiondoa. Tezi zinapata amri bila kukoma, ndiyo mate na machozi. Utumbo unasukuma bila kukoma, ndiko kuharisha. Misuli inachezacheza, kisha inachoka na kulegea, maana misuli inayoamriwa bila kupumzika hufika mahali haiitikii tena. Kuhema kwa shida kulitokana na mambo matatu yaliyokutana: majimaji yaliyojaa kwenye njia ya hewa, njia hiyo kujibana, na misuli ya kupumulia kuchoka. Mnyama aliyelishwa sumu hii hufa kwa kukosa pumzi.

Sasa sindano. Mwaka 1914 Dale alikuwa ameona kwamba asetilikolini ina tabia mbili. Katika tezi, utumbo, moyo na njia ya hewa inatenda kama sumu ya uyoga fulani wa Ulaya. Kwenye misuli ya mifupa inatenda kama nikotini ya tumbaku. Sababu yake ni kwamba kemikali ni moja lakini vipokezi vyake ni vya aina mbili. Atropini hukaa kwenye vipokezi vya aina ya kwanza, ikaizuia asetilikolini isivifikie. Vya aina ya pili, vilivyo kwenye misuli ya miguu na mabega, haivigusi. Basi mate yakakauka, njia ya hewa ikafunguka, moyo uliopunguzwa mwendo ukarudia mapigo yake, na ndama akapata nafasi ya kuishi. Misuli ikaendelea kuchezacheza mpaka ini likapunguza sumu damuni. Sindano haikushindwa. Ilifanya kazi yake yote, na afisa mifugo wako alifanya sawasawa, hasa kwa kuanza na sabuni, kwa sababu sumu iliyobaki kwenye manyoya ingeendelea kuingia.

Ipo dawa nyingine, pralidoksimu, inayoweza kuiondoa organofosfeti kwenye kimeng'enya na hivyo kuisaidia misuli. Hiyo lazima itolewe mapema, kabla mshiko haujaimarika, na mara nyingi haimo kwenye mkoba wa anayekuja kijijini.

Hapo tumezungumzia neva na misuli. Ubongo wenyewe una kazi kubwa zaidi, nayo ni kuamua. Seli moja ya neva ubongoni hupokea ujumbe kutoka kwa seli nyingine kwa maelfu, na si kila ujumbe unasema "fanya". Baadhi ya seli humwaga kemikali inayoichokoza seli inayopokea, na ya kawaida kuliko zote kwa kazi hiyo ni glutamati. Nyingine humwaga kemikali ya kuituliza, kama vile gaba na glisini. Seli inayopokea hujumlisha vyote viwili ndani ya milisekunde chache, na jumla ikivuka kiwango fulani, nayo inapeleka ujumbe wake mbele. Isipovuka, inanyamaza. Nguvu ya jambo huelezwa kwa wingi wa ujumbe kwa sekunde, kwa sababu kila ujumbe mmoja mmoja una ukubwa uleule. Mfugaji anapomgusa ng'ombe kidogo na anapomchoma sindano, tofauti inayofika ubongoni ni idadi ya mapigo pamoja na neva zipi zimeyapeleka.

Watu wengi hudhani kutuliza ni kazi ndogo ya ubongo. Si kweli hata kidogo, na kila aliyemwona mnyama mwenye pepopunda anajua. Sumu ya bakteria wa pepopunda hupanda kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huzizuia seli za kutuliza zisimwage glisini na gaba. Haiongezi amri ya kujikaza, inaondoa tu ya kulegea, na hilo peke yake linatosha kumfanya mnyama akakamae kama gogo mpaka ashindwe kupumua. Katika ndama wako sumu ilielemea upande wa pili, wa kuchochea. Ingefika ubongoni kwa wingi zaidi ungeona degedege kamili.

Sasa kwa nini ndama na si mama yake? Uzito ndio chanzo, ingawa si kwa namna inayofikiriwa na wengi. Mnyama mdogo ana ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili wake. Ukimlinganisha ndama wa kilo 60 na ng'ombe wa kilo 400, kila kilo ya ndama imefunikwa na ngozi karibu mara mbili. Ukiwalowesha wote sawa, ndama kapata karibu mara mbili ya dawa kwa kila kilo, na wewe ulikuwa umekwisha kuiongeza mara mbili. Ngozi yake ni nyembamba zaidi, anajilamba, na ini lake bado halijawa na vimeng'enya vya kutosha vya kuvunja sumu. Tena jioni manyoya hayakauki upesi.

Na kwa nini kupe? Mwili wake ni mdogo mno, amelowa wote, na hana ini la kumkomboa. Kuna tofauti nyingine ambayo mimi huona inapendeza sana: kwa wadudu na jamaa zao, amri ya misuli hupelekwa kwa glutamati, wakati asetilikolini inatumika zaidi ndani ya ubongo. Kwa hiyo organofosfeti humpiga kupe moja kwa moja kwenye ubongo, lakini ng'ombe hupigwa kwanza kwenye tezi na misuli. Usalama wa ng'ombe uko ndani ya nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachomuua kupe na kinachomdhuru mnyama. Aliyeandika kipimo kwenye chupa aliipima nafasi hiyo. Ulipoongeza dawa uliila yote, kwa upande wa ndama.

Hapa niseme wazi jambo linalonisikitisha kila ninapolisikia: kuongeza kipimo hakuwaui kupe sugu. Kupe anakuwa sugu kwa sababu protini inayolengwa na dawa imebadilika umbo, dawa haiishiki vizuri tena, au kwa sababu mwili wake unaivunja dawa kwa wingi. Ukiongeza dawa unawaua walio dhaifu, wanaobaki ni wale wagumu kabisa, na ndio watakaozaliana. Kinachotakiwa ni kuhamia kundi lingine la dawa linalolenga sehemu nyingine ya neva. Kubadili jina la biashara hakutoshi. Chupa mbili za rangi tofauti huweza kuwa na kiambato kilekile, kwa hiyo soma kiambato, au mpelekee afisa mifugo chupa ya zamani akusomee.

Pareto, basi. Ni ua jeupe linalolimwa nyanda za juu, Iringa, Njombe na Mbeya, na kwa majirani zetu Kenya maeneo ya Nakuru, na sumu yake ni ya asili kweli. Lakini asili haimaanishi si sumu. Piretrini ya pareto huizuia milango ya sodiamu isijifunge, na neva hupiga mfululizo mpaka mdudu anapooza. Kwa kuwa jua huiharibu upesi, wanakemia waliiga umbo lake wakatengeneza ndugu zake wanaostahimili jua. Ndizo dawa ambazo jina la kiambato huishia na "thrin", kama sipamethrini na deltamethrini. Kwa ng'ombe kundi hili lina nafasi kubwa ya usalama kuliko organofosfeti. Milango ya sodiamu ya wadudu huathirika zaidi, sumu yenyewe hufanya kazi vikali zaidi katika mwili wa baridi kuliko katika nyuzi 38 na nusu za ng'ombe, na ini la ng'ombe huivunja haraka. Mimi ningekushauri uanzie hapo, kama afisa mifugo atathibitisha kwamba kupe wa kwenu hawajaizoea. Ila usioshee bomba mtoni, kwa kuwa samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Paka wa nyumbani naye asiguse mnyama aliyelowa, maana ini la paka ni dhaifu katika kuivunja baadhi ya dawa za kundi hili. Na usiichanganye mwenyewe na organofosfeti. Organofosfeti huvizuia pia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja dawa hii, na sumu yake huongezeka nguvu. Kuna michanganyiko inayouzwa tayari, hiyo vipimo vyake vimeshapangwa kiwandani.

Amitrazi ni njia nyingine nzuri. Inalenga vipokezi vya kemikali iitwayo oktopamini, ambayo kwa kupe ina kazi kubwa, na kupe huachia ngozi na kudondoka. Katika ng'ombe ikizidi huleta usingizi na mapigo ya moyo kupungua. Kama una punda, usimnyunyizie kabisa, kwa sababu utumbo wake husimama na anaweza kufa.

Aivamektini ni habari nyingine kabisa. Ilitokana na bakteria wa udongo aliyepatikana Japani, na Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Inafungua milango ya kloridi inayotii glutamati, ambayo minyoo na kupe wanayo na wanyama wanaonyonyesha hawana. Kloridi ikiingia, seli ya neva inatulizwa moja kwa moja, mnyoo anapooza. Ng'ombe ana milango inayokaribiana na hiyo ubongoni, lakini kuta za mishipa ya damu ya ubongo zina protini inayoisukuma dawa itoke. Mbwa wa jamii ya Collie wengi wamerithi kasoro ya protini hiyo, na kwao kipimo ambacho mbwa wengine wanakistahimili huweza kuua. Kwa minyoo ni dawa bora. Kwa kupe wa kahawia wa masikioni, anayeleta ndigana kali, haitegemewi, kwa sababu kupe huyo hushika mnyama siku chache kisha hudondoka. Na kwa ng'ombe unaowakamua si chaguo langu, kwani inakaa kwenye maziwa kwa muda mrefu.

Ukimuuliza afisa mifugo kuhusu kubadili dawa, muulize pia kuhusu chanjo ya ndigana kali. Ipo, na mnyama aliyechanjwa hukupunguzia mbio za kunyunyizia mara kwa mara, ingawa kupe huleta magonjwa mengine na huwezi kuacha kabisa.

Safari nyingine nyunyizia asubuhi, siku isiyo na mvua wala jua kali, baada ya kuwanywesha maji ili wasilambe dawa kwa kiu. Ndama mdogo mwulizie afisa mifugo dawa na kipimo chake. Kwa ndama huyu uliyenaye, asipate organofosfeti wala kabameti tena mpaka daktari aseme. Hata akionekana mzima, mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kimeng'enya kipya badala ya kile kilichoharibika, na kipimo ambacho jana kingemfaa leo kinaweza kumwangusha. Maziwa ya ng'ombe wawili uliowanyunyizia kipimo kikubwa usiyauze wala usiwape watoto mpaka afisa mifugo akuambie ni siku ngapi. Siku zilizoandikwa kwenye chupa zilihesabiwa kwa kipimo cha kawaida.

Muite mtu wa mifugo bila kungoja ukiona mate yanayotoka mfululizo, misuli kuchezacheza, mboni za macho zilizosinyaa, kuhema kwa kelele au mnyama kushindwa kusimama. Wakati unamsubiri, muoshe mnyama kwa maji mengi na sabuni ukiwa umevaa glavu, usimnyweshe kitu, na uiweke chupa mahali aione. Lakini kama hukutumia dawa yoyote na ng'ombe anatoa mate, usikimbilie kumtia mkono mdomoni ukitafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa kwa ng'ombe huanza vivyo hivyo, na mtu huambukizwa kupitia mate. Kutetemeka na kuanguka siku chache baada ya kuzaa kwaweza kuwa upungufu wa kalsiamu, na homa pamoja na kuzungukazunguka huweza kuwa maji moyo. Hayo hayatenganishwi kwa simu, lazima mnyama aonwe na apimwe.

Na wewe uliyebeba bomba jioni ile: kama tangu siku hiyo una kichwa kinachouma, macho yanayoona ukungu, kifua kinachobana, jasho jingi au misuli inayocheza yenyewe, nenda kituo cha afya leo. Nenda na chupa ya dawa, umwambie daktari ulinyunyizia nini, lini na kwa kipimo gani. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, na chupa tupu isiwekwe maji, mafuta wala kitu kingine chochote.